Mwenye ploti amekuja kujifunza kusoma

Leo nimetamani ardhi inimeze, hapa hapa Kawangware!

Mnajua nimekuwa nikitafuta watu wa kujitolea kufundisha gumbaru, lile darasa la watu wazima. Mmoja ni Nekesa, anayefulia watu nguo Riruta. Nimemfunza wiki mbili, na leo ameanza kazi.

Mwanafunzi wa kwanza kuingia? Mzee Njoroge, mwenye ploti anayoishi Nekesa!

"Mwalimu ni nani?" akaniuliza.

Nikamwonyesha.

Mzee akachukua kofia yake. "Huyu ni mpangaji wangu. Siwezi."

Mimi mkufunzi mzima, nikamgeukia Nekesa anisaidie. (Semeni ukweli, nyinyi mngemwambia nini?)

Nekesa akamsogezea kiti. "Mzee, hata mimi nilijifunza kusoma nikiwa na watoto wawili. Siku ya kwanza nililia. Kaa tu, hakuna atakayekucheka."

Akakaa!

Saa moja baadaye alikuwa ameandika jina lake ubaoni, herufi moja ikiangalia nyuma. Nekesa akachukua kitambaa afute.

"Usifute, mwalimu," mzee akasema, akiwa tayari mlangoni. "Wacha nimwite mama watoto aone."