Swichi ya Ukutani

Bosi aliniambia maneno machache tu: mfundishe huyu mgeni kompyuta, na akiweza kuandika barua peke yake, wewe nenda kwa mama yako. Mama yangu yuko Garsen, kiharusi kimemlaza upande mmoja, analishwa na majirani. Nilikuwa nimeomba uhamisho hadi nikachoka kuomba. Siku ile nilitoka kwa bosi miguu haigusi chini.

Mgeni mwenyewe alikuwa binti aliyetoka mji wa Buna, mpole, mtandio mpaka magotini, na hajawahi kugusa kibodi. Wallahi, nilipomwona anaitafuta herufi A kwa kidole kimoja kama mtu anayechambua mchele, nilikata tamaa palepale. Chumba chetu hapo Garissa ni kidogo, dirisha halifunguki, feni inazungusha joto lile lile. Ndimo tulimokaa bega kwa bega kutwa nzima.

"Abaayo, usikasirike," akaniambia. Ndivyo watu wa kwao wanavyomwita dada.

"Nani kakasirika?" nikamjibu, nami nimefura kama andazi.

Siku aliyomaliza ukurasa mzima kwa mara ya kwanza, adhana ya adhuhuri ikaanza msikiti wa jirani. Binti akanyoosha mkono, akazima swichi ya ukutani. Skrini nyeusi, ukurasa umekwenda! Kwao adhana ikisikika redio huzimwa kwa heshima, na yeye akaizima kompyuta vivyo hivyo.

"Ya Rabbi, umeniua!" nikapiga ukelele hadi karani wa chumba cha pili akachungulia.

Binti akalia. Niliona haya, lakini hasira haikunitoka, maana kila ukurasa uliopotea ulikuwa unanifungia mlango wa kwenda Garsen. Yeye hakulijua hilo. Habari za mama sikuwahi kumwambia. Nilikuwa na haraka ya kumfundisha, si ya kuzungumza naye.

Basi nikamwekea sheria. Kabla ya adhana, sevu. Ukimaliza sentensi, sevu. Hata ukipiga chafya, sevu. Mpaka akawa ananitania: "Abaayo, nimesevu, kunywa chai."

Taratibu vidole vikafunguka. Akajua kupanga pambizo, akajua kukoleza kichwa cha barua. Mimi nikaanza kufunga mizigo. Nilimpigia mama simu nikamwambia nakuja. Hawezi kusema sawasawa, ila jirani aliyemshikia simu aliniambia mama anacheka huku machozi yanamtoka.

Asubuhi moja bosi akamwita binti, akampa karatasi aliyoiandika kwa mkono ili aipige chapa. Akarudi mbio, akaketi mbele ya kompyuta, akanifukuza kwa mkono.

"Leo beke yangu," akasema, maana p kwake hutoka b.

Nikamwacha. Nikakaa kwenye kiti cha mlangoni nikiwaza basi la kesho, na zawadi gani nimchukulie jirani wa mama. Adhuhuri ilipokaribia, binti akaniita nikatazame kama kuna makosa.

Makosa hayakuwepo. Pambizo sawasawa, kichwa kimekolea, cheo changu kimeandikwa bila dosari. Barua ilisema kwamba kwa jinsi nilivyomfundisha vyema mfanyakazi mpya, ofisi imeona heri nibaki, kwa kuwa wengine wako njiani kutoka Tarbaj na Banissa, nao watahitaji mwalimu. Ombi langu la uhamisho limekataliwa. Nilirudia kusoma.

"Hauendi!" binti akasema, uso wote unacheka. "Unabaki na sisi, alhamdulillahi!"

Adhana ikaanza. Nikanyoosha mkono mpaka ukutani, nikazima swichi, barua ikapotea machoni pangu, na kwa kitambo kidogo nikapumua.

Binti akanishika mkono, akanituliza kama mtoto.

"Usiogobe, abaayo," akasema. "Nilisevu kabla ya adhana."