Chumba cha Mama Kilichokuwa Kikipotea

Kompyuta yangu ilianza kujizima wiki ya pili baada ya mama kurudi kijijini. Nakumbuka mara ya kwanza. Ilikuwa Jumamosi mchana, upepo wa Agosti unavuma, vumbi jekundu limetanda dirishani hata jua likaonekana kama limefunikwa kanga iliyochakaa. Nilikuwa nachora. Feni zilikuwa zinavuma taratibu ndani ya kasha, nami nimeshazama katika ile hali ya nusu usingizi inayonijia nikichora, nisijue kama nipo nje ya mistari au ndani yake. Nikavuka zulia kwenda kuchukua maji ya kunywa, nikarudi, nikashika kipanya. Skrini ikawa ya bluu, kisha nyeusi.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Siku za kazi nachora za ofisi, kule Mtumba, nje kidogo ya Dodoma. Mwisho wa wiki nachora zangu mwenyewe. Mchana ule nilikuwa nachora chumba cha mama.

Mama alikuja kukaa nami mwezi wa tatu, baba alipofariki. Kwetu Wagogo mama mzee hukaa kwa mtoto wa kiume. Kwa binti anakwenda kusalimia. Lakini mtoto wa kiume hakuwapo, nipo mimi tu, sijaolewa, na nyumba yangu ina chumba kimoja cha kulala na kingine cha kazi. Akalala kitandani kwangu, mimi nikatandika godoro chumba cha kazi, miguu chini ya meza. Mwezi uleule ndipo nilipoiunda hiyo kompyuta, kipande kwa kipande, kila skrubu kwa mkono wangu, mama amekaa mlangoni anachambua majani ya mlenda. Nilipoiwasha mara ya kwanza aliinua kichwa akazisikiliza feni.

"Linapumua," akasema, akaendelea na mlenda wake.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wanasema. Mimi jembe sikumpa, basi akajitafutia mwenyewe. Akapanda maboga nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha kazi, na kila akimaliza kuosha vyombo alitoka na beseni akayamwagia yale maji. Kwake yeye, kumwaga maji kwenye karo ni dhambi. Amekulia mahali ambapo ndoo moja inakula asubuhi nzima. Mimi na kisomo changu nikaona msingi tu. Mchoraji wa nyumba akiona maji yametuama kwenye msingi, roho inamuuma. Nilimwambia mara moja, nikamwambia mara ya pili. Mara ya tatu jirani alikuwa amekuja kuomba chumvi, na mbele yake nikapandisha sauti.

"Mama, maji yanakula ukuta! Nimesema usimwage tena hapo!"

"Haya, mwanangu."

Tangu siku hiyo akamwaga karoni. Maboga yakanyauka. Haikupita muda akasema anarudi, kuna mbuzi wa kuangalia. Mbuzi wenyewe wawili, na mjomba yupo. Nilijua fika, nikanyamaza. Nilimsindikiza stendi, nikambebea begi hadi mlangoni mwa basi, nikamtakia safari njema. Hasira yangu huja na kuondoka upesi, ila aibu yake hukaa nami miezi.

Ndiyo maana nilikuwa nachora chumba. Nilidhani nikimwonyesha chumba chake mwenyewe, dirisha linatazama mashariki, atarudi, na mimi sitalazimika kusema lolote.

Kompyuta ikakataa. Nikaanza kuitafuta kasoro yake kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nilishuku vumbi, kwa sababu hapa Dodoma kila kitu kinaanzia kwenye vumbi. Nikatoa ubavu wa kasha, nikasafisha kwa brashi ya rangi mpaka nikapiga chafya machozi yakanitoka. Ikazima. Nikashuku joto; nikaiacha wazi na feni ya mezani inaipepea kama mgonjwa. Ikazima. Vile vijiti viwili vya kumbukumbu nikavijaribu kimojakimoja. Nikaazima pawa saplai ya mwenzangu wa ofisini, nikafuta programu zote nikaanza upya. Wakati mwingine ilikaa mchana mzima bila neno, mpaka nikaanza kuimba. Nikiinuka kuvuta pazia, nikarudi, nikaigusa tu, bluu.

Na kwa kuwa chumba cha mama nilikiacha mwisho kila mara, na nikichora nasahau kuhifadhi, ndicho kilichopotea kila mara. Nikiwasha tena naikuta sebule, jiko, baraza, na pembeni pale weupe mtupu. Nilikichora mara sita, labda saba. Nikaanza kukiota. Katika ndoto kimeshajengwa, mama yumo, namsikia anachambua mlenda, lakini nikitafuta mlango mkono unapapasa ukuta, na ukuta ni wa vuguvugu. Naamka alfajiri, upepo umetulia, nyumba kimya hadi nasikia maji yakidondoka kutoka kwenye bomba la jikoni.

Kila Jumapili nilimpigia simu. Nikimuuliza habari anajibu nzuri, tunaulizana mvua ambayo sote tunajua haipo hadi Desemba, tunaagana. Kuhusu chumba sikumwambia kitu, maana chumba chenyewe hakikai.

Lipo jambo moja nililipuuza. Kasha la kompyuta lilikuwa linanitekenya vidole, kiganzi kidogo hivi. Na jioni za baridi blanketi langu lilitoa cheche nikilivuta. Nikasema ni kiangazi, hewa imekauka, midomo yenyewe inapasuka. Hadi asubuhi moja ya mwezi wa kumi nililishika kasha kwa mkono wenye maji, likanipiga shoti nikakaa chini. Nilitukana tusi ambalo mama hajawahi kulisikia kwangu, kisha nikamwita fundi umeme.

Alikuja dada mmoja mfupi, mwenye kofia ya kapelo na maneno machache. Akagusisha kipimo chake kwenye kasha, akaguna.

"Hii imekupiga leo tu?"

"Kupiga, leo. Kutekenya, ni muda sasa."

"Na umekaa tu."

"Nilikuwa natafuta ugonjwa wa kompyuta."

"Kompyuta ni nzima, dada. Hebu tutoke nje."

Tukazunguka nyuma ya nyumba. Chini ya dirisha la chumba cha kazi, katikati ya kamba zilizokauka za maboga, alichuchumaa akashika fimbo ya shaba iliyochomoza ardhini. Miaka yote naishi pale, sikuwahi kuitazama. Akaitikisa, ikacheza kama jino la mtoto.

"Hii ndiyo ethi," akasema. "Umeme unaopotea njia ndani ya nyumba unashukia hapa, unaingia ardhini. Sasa udongo ukikauka hivi haupokei. Umeme unabaki kwenye kasha lako. Na wewe ukitembea kwenye zulia unaleta wa kwako, ukigusa, mashine inachanganyikiwa. Lete ndoo ya maji."

Nikaleta. Akamwaga polepole kuizunguka fimbo, na udongo ukayanywa kwa sauti. Ndoo ya pili, ya tatu. Tukarudi ndani akapima tena, namba ikaporomoka. Nikagusa kasha kwa kiganja chote. Kimya.

"Fimbo fupi, lakini kumbe ilikuwa inajitahidi," akasema akikunja nyaya zake. "Nani alikuwa anamwagilia pale?"

"Mama yangu."

"Akaacha?"

"Nilimkataza."

Akanitazama kidogo. "Angeendelea, wala usingenijua." Akaniambia nimwagie kila baada ya siku mbili hadi mvua zianze, yeye ataleta fimbo ndefu, akaenda zake.

Nilibaki nimesimama katikati ya chumba. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Miezi yote ile nilidhani namtunza mama, kumbe naye kila siku, kwa beseni la maji machafu, ananitunza mimi, na hakuna aliyejua, hata yeye.

Mchana ule nilichora. Nililivuka zulia makusudi, mara kumi, nikarudi kushika kipanya, na chumba kikakaa. Kuta nne, dirisha la mashariki, mlango. Jua lilipoanza kushuka kilikuwa kimekamilika. Nikakitazama nikitegemea kufurahi, nikaona chumba kisicho na mtu. Nikachukua simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo si Jumapili."

Nikamweleza yote, ethi, udongo, maji ya vyombo. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo unataka nije nimwage maji?"

"Ndiyo, mama. Bila wewe haifanyi kazi."

Akacheka kidogo. "Beseni si unalo? Na mikono unayo."

"Na nimekuchorea chumba. Chako mwenyewe."

"Chumba ninacho huku, mwanangu."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama bado ana kinyongo kwa yale maji.

"Maji?" akasema. "Nyumba ni yako, ukuta ni wako, una haki ya kukataza. Mimi nilikaa kwako nikisubiri neno moja. Hukulisema."

"Neno gani?"

"Kwamba nikae."

Nikayapitia maneno yote niliyomwambia tangu mwezi wa tatu. Karibu mama. Pumzika mama. Usijisumbue. Acha, nitafanya mwenyewe. Yote ni maneno ya kumwambia mgeni, na mgeni mwenye adabu huaga.

"Kaa na mimi, mama," nikasema. Nikalia wazi wazi, mtu mzima na miwani yangu usoni. "Nataka tukae wote. Siku zote."

Nikavua miwani nikaifuta.

"Sema tena," akasema mama. "Huku mtandao mbovu."

Alikuwa amesikia. Nikasema tena.