Darubini za Watu Wasiokuwepo

Nilikuja Guangzhou, kusini mwa China, kwa ufadhili wa serikali kusomea uhandisi wa nguo. Nilipomaliza sikurudi Tanzania. Nilipanga chumba mtaa wa Xiaobei nikaanza kazi ya ukalimani, kwa sababu wafanyabiashara wa kwetu wanashuka kila siku na Kichina hawakijui. Nilizunguka nao viwandani nikiwasemea: vigae, mawigi, vipuri vya pikipiki. Nilikuwa mzuri. Wateja walipeana namba yangu, nami nilipenda kusikia wakiniita mwalimu.

Mteja mmoja alikuwa Mkongo wa mashariki, mtu mzima, Mkristo wa kusali kabla ya kula hata karanga. Nilikuwa nimeshamfanyia kazi mara tano au sita. Siku moja alinikuta mtaa wa Dengfeng, mbele ya kibanda cha simu, akanionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa darubini ya kufungwa juu ya bunduki, ya aina inayoona joto la mwili. Ukiitazamia gizani, mtu au mnyama anang'aa kama kaa la moto.

"Ninataka makumi mbili za hii," alisema. "Kiwanda iko huku huku Guangzhou. Utanipeleka?"

Nilimpeleka. Kiwanda kilikuwa kidogo, nje kidogo ya mji, upande wa kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun. Mwenyewe alikuwa mama wa miaka kama hamsini na tano, mfupi, mwenye miwani aliyoifunga kamba shingoni. Wafanyakazi walimwita laoban, yaani bosi, nami nikamwita hivyo hivyo. Alitumiminia chai, akauliza mgeni wangu anatoka wapi. Nilipomjibu, aliweka birika chini.

"Huko siuzi," alisema.

Nilidhani anatafuta bei. Akafungua droo akatoa karatasi yenye majina ya nchi, kama kumi na tano hivi, yameandikwa kwa mkono. Alinieleza kwamba serikali ina masharti yake, lakini hii ilikuwa orodha yake mwenyewe. Aliianza baada ya kuona kwenye habari za televisheni kijana amesimama mbele ya nyumba iliyoteketea, bunduki begani, na juu ya bunduki ile darubini yenye pete ya kijani. Pete ile ya kijani aliichagua yeye. Alikuwa amewaambia mafundi kwamba kijani inapumzisha macho.

"Mume wangu alisema tutafunga kiwanda," aliniambia. "Nikamwambia basi tufunge."

Nilimtafsiria mteja wangu yote hayo. Alitikisa kichwa kwa heshima, akamaliza chai yake, akaaga. Tulipofika nje alisema:

"Dada, na Tanzania iko kwenye ile orodha?"

"Haipo."

"Basi iko shida gani? Ule mama anataka karatasi tu. Tumupe karatasi."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilisita, na ukweli ni kwamba sikusita vya kutosha. Sikuwa na njaa. Kodi ya chumba nilikuwa nimelipa. Nilichoogopa ni kuonekana mkalimani asiyeweza kumfungulia mteja mlango. Na ndani yangu kulikuwa na dharau kidogo kwa yule mama na orodha yake, kana kwamba alikuwa anacheza mchezo wa utakatifu na mimi ndiye niliyejua dunia inavyokwenda.

Baada ya wiki mbili nilirudi peke yangu. Nilimwambia kwamba nimepata mnunuzi mwingine, kikundi cha askari wa wanyamapori nyumbani kwetu, wanaolinda tembo dhidi ya majangili. Jina la kikundi nililibuni nikiwa kwenye metro, treni ya chini ya ardhi. Fomu ya kueleza ni nani atakayezitumia darubini niliijaza kwa Kichina, kwa mwandiko wangu bora, nikatia sahihi kama mwakilishi wao.

Laoban alivua miwani. Macho yake yalikuwa na machozi. Aliniuliza tembo wetu wana hali gani, kama askari wana buti nzuri, kama wanakula vizuri huko porini. Nilimjibu maswali yote. Nilimwambia hata kwamba mmoja wao ni mjomba wangu.

Akapunguza bei bila kuombwa. Siku ya kuchukua mzigo nilikuta ameongeza boksi la betri za akiba, na juu yake kadi kubwa waliyoichora wajukuu zake: tembo wawili wa bluu, na maneno ya Kichina, "Asanteni wajomba kwa kuwalinda."

Mizigo tuliifungulia Dengfeng, kwa wakala wa kusafirisha mizigo kwa ndege. Darubini zilitolewa kwenye maboksi yake zikapangwa katikati ya kamera za ulinzi. Mteja wangu aliitazama ile kadi, akacheka kidogo, akanipa.

"Hii ni yako."

Niliitupa kwenye ndoo ya takataka ya wakala, chini ya mabaki ya tepu, nikahakikisha imefunikwa.

Hapo ningeweza kusema nilikosea mara moja. Lakini miezi michache baadaye Laoban alinitumia ujumbe akiomba picha ya wale askari. Wajukuu walikuwa wanauliza. Nilimzungusha kwa muda, kisha nikatafuta mtandaoni picha ya wanaume sita waliovaa sare za kijani, wamechuchumaa kwenye nyasi ndefu, nikamtumia. Alinijibu kwa maua mengi. Niliporudi pale na mteja mwingine aliyetaka darubini za kuangalia ndege wa porini, picha ile ilikuwa imekuzwa, imewekwa fremu, inaning'inia ukutani juu ya meza ya chai. Nilikunywa chai chini yake.

Mwaka uliofuata alinipigia simu kwa furaha. Alikuwa amepata mgeni kutoka nchini kwangu, mhifadhi wa kweli, na alitaka nije kutafsiri, maana lazima tutakuwa tunafahamiana. Nilitafuta sababu ya kukataa. Nikaona nisipokwenda ataitwa mkalimani mwingine na mambo yataharibika zaidi. Nikaenda.

Mgeni alikuwa baba wa makamo, mpole, mwenye kovu mkononi.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia.

"Marahaba, binti. Afadhali nimesikia Kiswahili." Alifurahi mno mpaka nikaona haya.

Alieleza haja yake kwa ufupi. Alikuwa na vijana kumi na wawili katika pori la akiba, na majangili walikuwa wanaingia gizani. Nilitafsiri vizuri, neno kwa neno. Laoban akasimama, akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye ile picha.

"Mwambie hawa ni wenzake," aliniagiza.

Nilimwambia. Mzee aliisogelea picha, akaitazama kwa muda.

"Hawa si wa kwetu," alisema. "Sare hizi si za Tanzania. Nembo hii ya begani ni ya nchi nyingine kabisa. Mwulize ameitoa wapi."

Laoban alinigeukia. "Amesema nini?"

"Amesema ni picha nzuri," nilijibu kwa Kichina. "Amewakumbuka vijana wake."

Lakini Laoban hakuwa mjinga, na uso wa yule mzee haukuwa uso wa mtu anayesifia picha. Alichukua simu yake, akafungua programu ya kutafsiri, akaisogeza mdomoni kwa mgeni na kumwashiria aseme tena. Mzee alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa. Kisha akarudia. Simu ikasema kwa Kichina, kwa sauti ya msichana mchangamfu, kwamba watu hawa hawakutoka Tanzania.

Hakuna aliyekaa. Laoban aliniuliza swali moja tu.

"Zilikwenda wapi?"

Nilimwambia. Nilisema kila kitu nikiwa nimesimama, hata habari ya kadi, ambayo hakuiuliza. Hakupiga kelele. Aliiondoa picha ukutani akaiegemeza sakafuni, uso ukielekea ukuta. Kisha akatoa orodha yake kwenye droo, akaandika chini kabisa jina la nchi yangu.

"Mtafsirie mgeni," alisema. "Mwambie naomba radhi. Sina tena namna ya kujua nani ananiambia ukweli kutoka kwenu. Na leo usipunguze neno."

Sikupunguza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa kumuaga, akachukua mkoba wake.

Tulitembea pamoja hadi kituo cha metro. Nilitegemea anitukane. Alipofika kwenye ngazi alisimama.

"Binti, mimi nitawaambia nini wale vijana?"

Nilianza kusema naweza kumtafutia kiwanda kingine. Alinyanyua mkono ule wenye kovu kunizuia, akashuka ngazi peke yake.

Jioni ile ile nilimpigia simu mteja wangu wa Kongo. Alikuwa kwao, nilisikia watoto wakicheza nyuma yake. Nilimuuliza zile darubini alimuuzia nani.

"Watu tu," alisema. "Walikuja, walilipa, walienda."

"Watu gani? Askari? Waasi? Wawindaji?"

Aliponijibu sauti yake haikuwa na ubaya wowote, ilikuwa kama ya mtu anayeshangaa kweli.

"Dada, ile siku tulikuwa na wakati mwingi. Mbona haukuniuliza?"

Nilimwambia usiku mwema, naye akanitakia baraka za Mungu, kama kawaida yake.