Siku ya Tatu ya Kuomba Ubunifu

Mimi nikiomba, nasikika mpaka ng'ambo ya barabara, na wala sioni haya. Nimeuza vitambaa hapa Isiolo miaka mingi, na sokoni ukinong'ona wateja wanakupita. Ndiyo maana mchungaji alipotuita sisi sita wa kamati ya huduma kwa jamii, akasema tufunge siku tatu tumwombe Mungu ubunifu, mimi ndiye niliyepewa kuongoza. Huduma yetu ilikuwa imekauka. Tulikuwa tunagawa unga kwa watu wale wale, tunapiga picha, tunaenda nyumbani.

Siku mbili tukaomba. Tulichopata ni wazo la kushona fulana za rangi moja. Jameni! Nikawaambia wenzangu, Mungu hawezi kutushindisha njaa siku mbili halafu atupe fulana.

Siku ya tatu, kwenye saa tano hivi, jua limeshakuwa kali, lango la kanisa likagongwa. Nikavumilia. Likagongwa tena. Nikatoka nimewaka.

Alikuwa mama mmoja Mborana, muuzaji wa maziwa ya ngamia. Nilimjua kwa sura tu. Kila asubuhi hupokea mitungi mitano ya plastiki kutoka upande wa Kinna, akaipakia kwenye basi la Nairobi linalosimama mbele ya kanisa letu. Siku hiyo basi lilikuwa limeharibika njiani.

“Salaam aleikum, mama,” akasema. “Basi imechelewa na jua inachoma. Nisaidie niweke mitungi kwa kivuli huko ndani. Maziwa ikichacha, mnunuzi hachukui.”

“Habari yako, mama. Sisi tuko kwa maombi. Maziwa yakimwagika kanisa litanuka. Na tafadhali usigonge tena, hatumsikii Mungu.”

Akanitazama. “Sawa. Mkimsikia, mwambie niko hapa nje.”

Nikafunga lango, nikarudi, nikapiga magoti. “Bwana, tuonyeshe njia ya kuwafikia majirani zetu...” Maneno yakagoma. Nikaanza upya, yakagoma tena. Lakini mimi ni mbishi, sikuinuka mara moja. Nusu saa nzima nilibishana na Mungu, nikimweleza habari ya sakafu, ya wazee wa kanisa, ya harufu. Mwishowe nikasimama.

“Inukeni tukabebe maziwa.”

“Na maombi?” mchungaji akauliza.

“Yameshajibiwa, Mchungaji. Yako langoni yanachomwa na jua.”

Yule mama hakutaka kuingia kanisani, akabaki barazani. Sisi tukabeba, watu wawili kwa mtungi, matumbo matupu, tukaipanga karibu na mimbari ambako saruji ni baridi, tukaifunika kwa magunia tuliyolowesha. Yeye akituamuru kutoka mlangoni: “Wee mzee, usitikise!” Na mchungaji wetu, mtu mzito, akatii kama mtoto wa shule.

Nilifurahi, sitaficha. Nilishaanza kupanga kichwani: mabati ya kivuli, bomba la maji, akina mama wote wa stendi. Na nimefanya. Ukija leo utaona mitungi imejaa barazani kwetu, na hakuna mzee wa kanisa anayethubutu kunung'unika mbele yangu. Hii ndiyo huduma, nikajisemea siku ile, na mimi ndiye niliyeiona.

Basi likapiga honi. Tukaitoa mitungi hadi barazani, mama akafungua mmoja mmoja, akimimina kidogo kiganjani na kuonja. Wa kwanza mzuri. Wa pili mzuri. Wa tatu, wa nne, tukawa tunashangilia kila anapoitikia kwa kichwa. Wa tano akaonja, akatema nje, akaufunga, akausogeza kando peke yake.

“Pole sana, mama,” nikasema. “Hili jua letu!”

“Si jua tu,” akajibu, bila hasira yoyote. “Wakati nilikuwa nagonga, hii ilikuwa bado nzuri.”