Jina Hawakutupa

Fundi wa kompyuta niliyepanga naye fremu pale Sabasaba, mimi nikitoa fotokopi, ana kawaida moja: kabla ya kufuta jina la mtu, huvua miwani akaisugua kwa pindo la shati. Programu anazozifanyia kazi si za wizi. Wenyewe wameziachia wazi, anayetaka azichukue, azibadilishe, azigawe. Ila akishagusa hata mstari mmoja, huondoa jina na nembo yao, akaweka jina lake. "Kazi wametupa, jina hawakutupa," huniambia. "Nikiharibu, wasitukanwe wao." Nilidhani anaogopa kesi tu.

Juzi akaingia Emiliana, muuguzi wa zahanati moja kule Haneti, kakumbatia kompyuta. "Fundi, programu yako imesema dawa ya malaria ipo, kumbe kabati tupu. Tumemsafirisha mtoto na homa yake hadi mjini." Fundi akauliza kwanza mtoto anaendeleaje. Alipoambiwa amepona, akaifungua kompyuta, akasoma, kidole kikigonga meza. Programu ilikuwa yake kweli, ila mtu mwingine alikuwa ameichukua, akaongeza ukurasa wa stoo, akakosea hesabu, na jina la fundi akaliacha palepale. Nikangoja afoke. Akasogeza uso karibu na kioo. "Huyu ni nani? Mbona ana akili hivi!" Akarekebisha hesabu, ukurasa ule akauacha. "Sifa ya huu si yangu," akasema. Kisha akavua miwani, akatafuta pindo la shati, na safari hii jina la kufutwa lilikuwa lake.