Kabichi za Mwenyekiti

Nyamai alikuwa mwenyekiti wa silanga yetu, lile bwawa la maji ya mvua tulilochimba kwa majembe chini kidogo ya Matiliku. Alitembea na muhuri mfukoni, ingawa hakuna aliyewahi kuona ameugonga wapi. Kila mkutano alituambia kwamba maji ni uhai, kana kwamba sisi tulidhani ni mapambo.

Sheria aliziweka yeye: kila nyumba ndoo kumi kwa siku, za kuteka kwa mkono. Pampu marufuku kabisa.

Tukatii. Kathini, jirani yake, mjane mwenye matuta sita ya sukuma wiki, alipanda mwinuko kutoka silangani na ndoo kichwani asubuhi na jioni, akinyunyizia kila shina kwa kikombe ili asipoteze tone.

Mwezi wa Julai Nyamai akarudi kutoka Sultan Hamud na pampu ya petroli, ameifunika blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kesho yake mpira mweusi ulikuwa umelala kutoka silanga mpaka kwenye shamba lake la kabichi.

"Mwenyekiti, si ulisema pampu ni marufuku?" Kathini akamuuliza.

"Mama Muli, hii ni ya majaribio tu. Kamati inataka kujua kama inafaa."

"Kamati ilikaa lini?"

"Nilikaa jana."

Majaribio yakanguruma wiki tatu. Kabichi zikanona, zikajifunga vichwa vikubwa kuliko sufuria. Huku silangani ndoo zetu zikaanza kukwaruza tope, na sukuma za Kathini zikageuka manjano, jani baada ya jani. Nyamai akamshauri aombe mvua.

Halafu asubuhi moja pampu ikakohoa, ikavuta matope, ikazima. Nyamai akavuta ile kamba ya kuwashia mpaka shati likapasuka kwapani. Hakuona kwamba hakuna maji yaliyobaki. Vyura walikuwa wameshaona, walikuwa wakihama.

Kathini aliketi ukingoni na ndoo tupu akalia. Hakulia kwa huzuni, alilia kwa hasira. Kisha akajifuta uso kwa leso, akaenda Matiliku kwa miguu, akarudi na afisa wa kilimo, bwana Nthiwa, mtu wa maneno machache.

Nthiwa akatazama lile shimo. Akaushika mpira, akaufuata hatua kwa hatua, na kijiji kizima nyuma yake, mpaka akasimama katikati ya kabichi.

"Maji ya watu wote yameishia hapa," akasema. "Hizi kabichi ni za nani?"

Nyamai alitutazama. Jasho lilimtoka. Akisema ni zake, amekiri wizi mbele ya serikali. Lakini ulimi wake ulikuwa umezoea hotuba, ukatangulia mbele ya akili.

"Ni za kikundi cha silanga," akasema. "Hili ni shamba la mfano. Mimi nimetoa ardhi tu."

Nthiwa akaandika neno kwa neno. Kathini akapiga makofi, polepole.

"Asante sana, mwenyekiti. Sisi hatukujua! Kina mama, leteni magunia."

"Ngojeni! Hazijakomaa!"

"Zimekunywa silanga nzima, mwenyekiti. Zikomae vipi tena?"

Tulivuna mpaka jua likaelekea kuzama. Nyamai alisimama pale akitabasamu kwa uchungu, maana afisa alikuwa bado hajaondoka. Bwana Nthiwa mwenyewe alipewa mbili akazikataa.

Wiki iliyofuata tuliingia silangani wote kuzoa tope, wakati bado ni pakavu. Nyamai alikuja na viatu vya mpira na nia ya kutusimamia. Kathini akamkabidhi sepetu. Mvua za Novemba zilipokuja, silanga ilikuwa na kina kirefu kuliko zamani, na mwenyekiti alikuwa Kathini.

Siku hizi Nyamai akipata wageni huwasimulia jinsi alivyokilisha kijiji kizima wakati wa ukame. Hatumbishii. Tulikula kweli, na zilikuwa tamu.