Mikanda ya Bomba la Kaka

Mdomo ninao, nakiri. Lakini mke wa marehemu kaka yangu, wifi yangu huyu, kwa ubishi amenishinda.

Kaka alilima viazi miaka ishirini. Kila wiki ya mvua alibeba bomba mgongoni kupiga dawa ya ukungu, ule unaounguza shamba zima kwa siku chache. Hakuziba pua hata siku moja. Kifua kilipomwangusha, daktari hakusema ni dawa, wala hakusema siyo. Kaka mwenyewe ndiye aliyemwambia mkewe, "Nikiondoka, usiipige tena."

Akaondoka, na wifi akashika neno. Bwana shamba akampa dawa hai, bakteria wa udongoni, wanaonyunyiziwa majani mapema ili ukungu ukija ukute nafasi imeshachukuliwa. Alinyunyizia jioni, jua limepoa, kama alivyoelekezwa. Viazi vikaungua vyote. Nikamwambia, "Wifi, ahadi hailiwi. Rudi kwenye ile ya dukani." Akaninunia wiki nzima.

Msimu wa pili alisema ukiharibika na huu, basi, atavunja neno la mumewe, maana watoto lazima wale. Akamwita bwana shamba aje amtazame akifanya kazi. Yule bwana hata shambani hakufika. Alisimama mlangoni pa stoo, akanusa bomba.

"Mama, ndilo ulilotumia hili?"

"Nililiosha mara tatu kwa sabuni."

"Dawa ya miaka ishirini haitoki kwa sabuni, mpira umeshainywa. Hao viumbe unawatia humo wazima, wanatoka wamekufa."

Wifi akalikumbatia lile bomba. Nilijua kwa nini. Mikanda ilikuwa bado imelegezwa kwa kipimo cha mabega ya kaka. Yeye ilimpwaya, bomba likimpiga kiunoni, na hakuwahi kuikaza. Nikamkumbuka kaka yangu.

Kesho yake wifi akaja na bomba jipya. Akaketi kizingitini, akafungua mikanda ya zamani, akaifua, akaifunga kwenye jipya bila kusogeza hata tundu moja.

Sasa viazi vimechanua, majani ni mabichi mpaka mwisho wa shamba. Jana nilimwambia akaze ile mikanda, atakuja kuumia mgongo.

"Niache, wifi," akasema. "Nikiikaza sitajua tena alikuwa mpana kiasi gani."